Jinsi ya kuanzisha kikundi cha wazee cha kulinda mifupa mtaani kwenu

Habari zenu ndugu zangu. Hii naandika kwa mtu yeyote mwenye mama, bibi, babu au jirani aliyevuka miaka 60 hapa Mwanza, na zaidi kwa nyie mnaokaa milimani kule Mabatini, Igogo, Bugarika, ambako kutoka nyumbani mpaka barabarani ni ngazi za mawe tu na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Huku kwetu mzee akianguka akavunjika nyonga watu wanasema ndo uzee wenyewe huo, mifupa imeisha, basi analazwa ndani anasubiriwa. Sio sawa hata kidogo. Kuvunjika kwingi kunazuilika, na wa kuzuia sio daktari peke yake, ni wazee wenyewe wakikaa kwenye kikundi na majirani wakiwashika mkono.

Tuelewane kwanza tunapambana na nini. Mfupa wa mtu mzima kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa upya, sasa umri ukienda kubomoa kunazidi kujenga, na mwanamke akishakoma hedhi spidi inaongezeka maana homoni ya estrojeni iliyokuwa inalinda mifupa inashuka. Hospitali wanaita osteoporosisi. Hauumi, huna dalili yoyote, mfupa unabaki kama nguzo iliyoliwa na mchwa kwa ndani, nje unaonekana mzima, siku mtu anajikwaa tu hapo kizingitini unakatika. Panapovunjika sana ni kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo na nyonga, na pingili zinaweza kubonyea bila hata kuanguka, mtu kainama kanyanyua ndoo tu.

Kuna kipimo cha mionzi cha kuangalia mfupa umeshiba kiasi gani, kinatoa namba inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya, na Shirika la Afya Duniani tangu 1994 linasema namba hiyo ikiwa -2.5 kwenda chini ndo osteoporosisi. Ukikipata vizuri, kapime. Ila msikae mnakisubiri hicho, maana nyonga karibu zote zinavunjika kwa kuanguka, kwahiyo hata bila kujua namba ya mfupa wako ukizuia kuanguka umeshaokoa nyonga. Hiyo ndo kazi kubwa ya kikundi, mengine yote yanafuata.

Huu mtindo wa watu kukaa kwenye duara na kuhudumiana afya pamoja sio wa kubuni leo. Mfano mmoja ni wa wajawazito huko Marekani miaka ya 1990, mkunga mmoja anaitwa Sharon Schindler Rising aliona anarudia maneno yaleyale kwa kila mama chumbani, akaamua wakae pamoja, wajipime wenyewe, waulizane na wafundishane. Mambo matatu: kupimwa, kujifunza, kuwa na watu. Tunachukua hayohayo tunayaleta kwa wazee.

Hatua ya 1: tafuta watu, siku na sehemu

Anza na wazee 8 mpaka 12, msizidi. Wakifika 20 inageuka mkutano wa hadhara, anaongea mmoja wengine wanasinzia. Mwone mwenyekiti wa mtaa umweleze unachotaka kufanya, alafu nenda zahanati au kituo cha afya cha karibu uombe nesi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii awe anakuja angalau mara moja kwa mwezi. Kama tayari kuna kikoba cha akina mama, au jumuiya ya kanisa, au darasa la msikitini, anzia humohumo, watu wameshazoeana na wameshaaminiana, hilo ni nusu ya kazi.

Siku ni jambo dogo lakini linaua vikundi. Jumamosi huku kwetu Wasabato ni wengi, hawatakuja. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini. Siku ya gulio usiguse kabisa. Jumanne au Jumatano saa tatu asubuhi inafaa, jua halijawa kali na mama hajaanza kupika cha mchana, alafu ile nusu saa ya kutembea kuja na kurudi mikono na miguu ikipigwa na jua ndo vitamini D yenyewe, inayosaidia mwili kunyonya kalsiamu. Wazee wengi wanaikosa kwa sababu tu wanashinda ndani.

Sehemu iwe tambarare, ina kivuli, ina choo karibu. Kama wazee wako juu mlimani msiwashushe mpaka chini barabarani, kutaneni hukohuko juu, uwanja wa nyumba ya mmoja wao unatosha, nyie vijana ndo mpande.

Halafu wababa. Wababa hawaji, wanasema hayo mambo ya akina mama, wakati wanaume nao wanavunjika na wakivunjika nyonga wanakufa zaidi ya wanawake. Ukiwaita kwenye mazoezi watakataa. Waite kwa kazi, mwambie "Shikamoo mzee, tunahitaji fundi wa kutuwekea mirunda ya kushikia kwenye ngazi," atakuja, na akishakuja mara mbili atakaa.

Hatua ya 2: jueni nani yuko hatarini zaidi

Nesi akija aongee na kila mzee pembeni, sio mbele ya watu, dakika tano zinatosha. Maswali ni haya: ulishawahi kuvunjika baada ya kuanguka kidogo ukiwa mtu mzima? Mama au baba yako alivunjika nyonga? Hedhi ilikata kabla ya miaka 45? Unavuta sigara, unakunywa pombe sana? Umekonda sana? Una ugonjwa wa viungo vile vya kuvimba na kupinda vidole? Mwaka huu umeanguka mara ngapi? Hilo la mwisho ulizeni taratibu maana wazee wanaficha kuanguka, wanaogopa watoto watawazuia kutoka.

Kuna na swali la dawa anazotumia, hili nalitilia mkazo. Prednisoloni na deksamethasoni zikimezwa miezi mitatu na zaidi zinadhoofisha mifupa kweli kweli, na kuna wazee wananunua wenyewe dukani kwa ajili ya magoti au pumu, wanameza mwaka mzima. Wengine wanauziwa vidonge vya "mifupa" vilivyofungwa kwenye karatasi havina hata jina. Mzee akiwa anatumia hizo asiziache ghafla, hiyo ni hatari nyingine, aende kwa daktari apunguziwe taratibu. Na wapo wanaotumia ARV, baadhi ya mchanganyiko una tenofoviri ambayo inagusa mifupa kidogo. Asiache dawa hata siku moja, aulize tu kwenye kliniki yake. Hilo msiulizane kwenye duara kamwe, ni la mtu na nesi wake.

Hatua ya 3: pimaneni wenyewe

Hapa ndo wazee wanapenda. Mnahitaji kiti cha plastiki, simu yenye saa, chaki, futi kamba na kaunta buku moja.

Urefu: asimame ukutani bila viatu, visigino vikigusa ukuta, weka kitabu kigumu juu ya kichwa, piga alama, pima. Rudieni kila miezi sita. Akipungua sentimita 2 toka mlipompima, au yeye mwenyewe akiwa amepungua sentimita 4 ukilinganisha na ujana wake, inawezekana pingili za mgongo zimebonyea, apelekwe akapigwe picha.

Kiti: egemeza kiti ukutani kisisogee, mzee akae katikati, mikono aikunje kifuani, nyayo chini. Ukisema anza anasimama wima kabisa na kukaa tena, unahesabu kwa sekunde 30. Mama wa miaka 60 mpaka 64 akipata chini ya 12, wa miaka 70 mpaka 79 chini ya 10, wa miaka 80 mpaka 84 chini ya 9, miguu yake ni dhaifu na yuko kwenye hatari ya kuanguka. Wababa wanatakiwa wazidishe kidogo hapo. Akisukuma kwa mikono inaandikwa sifuri, na msimcheke mtu, mwandikieni tu alafu mwambieni mwezi ujao tunaangalia tena. Nimeona bibi alianza na sifuri, anajishika magoti, anasukuma, anarudi kukaa, duara zima likawa linamhesabia kwa Kisukuma kwa sauti, na aliposimama mara ya kwanza bila mikono walimpigia vigelegele mpaka majirani wakaja kuchungulia. Hiyo huipati kwenye foleni ya kliniki.

Kutembea: chora mstari mita 3 kutoka kwenye kiti. Asimame, atembee mwendo wake wa kawaida mpaka kwenye mstari, ageuke, arudi, akae. Sekunde 12 au zaidi, yuko hatarini.

Kusimama: mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10. Mtu mmoja asimame ubavuni bila kumshika, tayari kumdaka. Asipoweza kumaliza hizo 10, huyo ndo wa kwanza kutembelewa nyumbani.

Hatua ya 4: mkutano wenyewe unaendaje

Saa moja na nusu, zaidi ya hapo wanachoka. Wanaofika kwanza wanapimana presha na kuandika wenyewe kwenye daftari, asiyejua kusoma mwenzie anamwandikia. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi hakuna mazoezi siku hiyo, anapumzika anapimwa tena, na anaenda kituo cha afya. Alafu duara, mada moja tu. Tafadhali usihutubie. Uliza swali, "nani alianguka mwezi huu, ilikuaje?" alafu nyamaza. Watasema wao, na majibu watatoa wao. Alafu mazoezi, alafu uji, mnaagana.

Hatua ya 5: mazoezi

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 kwa waliovuka 65 ni mazoezi ya kusimama imara na nguvu angalau siku 3 kwa wiki, jumla ya kujishughulisha dakika 150 mpaka 300 kwa wiki. Kikundi kinakutana siku moja kwa wiki, kwahiyo hizo nyingine ni nyumbani, na ndo maana mnawapanga wawili wawili majirani, kila mmoja anamgongea mwenzie.

Bibi atakwambia "mjukuu wangu, mi nimebeba maji toka ziwani tangu usichana wangu, mazoezi ya nini tena?" Mjibu kwa heshima kwamba ndiyo, kazi ile ndo imembebea mifupa mpaka leo, shida ni kwamba tangu wajukuu waseme "bibi we kaa upumzike" anashinda mkekani. Naomba watoto mnaosoma hapa mlisikie hili. Kumkalisha mzee siku nzima sio kumpenda, mfupa usiobebeshwa uzito unaisha haraka. Mwache achambue mboga akiwa amesimama, amwagilie bustani, afagie uwanja kwa fagio la mpini mrefu.

Ya kwenye kikundi ni haya. Kusimama na kukaa kitini mara 10, kupumzika, mara 10 tena. Kushika mgongo wa kiti na kunyanyua visigino juu, kushusha taratibu. Kutembea juu ya mstari wa chaki kisigino kwa vidole, mkono ukiwa karibu na ukuta. Kutembea ubavu ubavu. Kusimama mgongo ukutani na kurudisha mabega nyuma, hii ni kwa wale walioanza kupinda. Kunyanyua chupa mbili za nusu lita zilizojazwa mchanga wa ziwani. Wiki kwa wiki ongezeni ugumu kidogo, mazoezi yakibaki mepesi vilevile hayasaidii.

Na ngoma! Wasukuma tuna bugobogobo, leteni hata ndoo mpige, wazee wanachangamka vibaya mno na hatua zake za miguu ni mazoezi tosha. Ila ile ya kuinama chini na jembe na kujipinda kiuno iacheni kabisa kwa wenye mifupa dhaifu, kuinama mbele kwa nguvu na kujizungusha ndo kunabonyeza pingili. Wacheze wima. Mtu akisikia kizunguzungu au kifua kubana anakaa hapohapo.

Hatua ya 6: chakula, na hapa sisi wa ziwani tuna bahati

Mwanamke aliyevuka 50 anashauriwa apate kalsiamu karibu miligramu 1,200 kwa siku. Glasi ya maziwa au mtindi ya mililita 250 inampa kama 300. Sasa sio kila mzee ana hela ya maziwa kila siku, lakini dagaa wapo, pale Mwaloni Kirumba wanauzwa kwa ndoo, na dagaa analiwa na mifupa yake yote, hiyo ndo kalsiamu yenyewe pamoja na protini. Sangara na sato ni watamu lakini mifupa yao unatupa. Nunueni waliokaushwa kwenye chanja, wale wa mchangani wana mchanga mpaka uoshe mara tano. Mzee asiye na meno msimnyime, kaangeni dagaa bila mafuta mpaka wakauke, sageni wawe unga, vijiko viwili kwenye mboga au kwenye uji wa ulezi, na ulezi wenyewe una kalsiamu nyingi kuliko mahindi kwa mbali.

Mboga za majani, chainizi na sukuma wiki mwili unazinyonya vizuri. Mchicha ule kwa faida zake nyingine ila kalsiamu yake nyingi inafungwa haifiki mwilini. Maharage, mayai, karanga, kila siku kitu chenye protini, maana misuli ikiisha ndo miguu inakosa nguvu. Chumvi punguzeni. Mwenye shida ya figo aulize daktari kabla ya kubadili chochote.

Hatua ya 7: tembeleeni nyumba

Mkiwa na nguvu ya kufanya kitu kimoja tu, fanyeni hiki. Wawili wawili, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, tembeeni ile njia anayopita usiku kwenda chooni. Kuna nyumba moja tulipita huko mlimani, choo kiko nje, hatua za mawe sita, la nne linacheza, taa hakuna, na bibi anavaa kandambili zilizokatika kamba zimefungwa na waya. Hakuna dawa ya mifupa itakayomwokoa huyo bibi na hilo jiwe. Vijana wakalijengea kwa saruji, wakapaka chokaa kwenye kingo za kila ngazi zionekane usiku, wakafunga mrunda wa kushikia upande mmoja, na mjukuu akamnunulia raba za kufunga zenye soli ya kushika.

Mengine ya kuangalia: bafuni sakafu laini ya saruji ikipata sabuni ni barafu, piga saruji ya kukwaruza au weka mpira. Bomba la chuma la kushikia karibu na tundu la choo, maana kuchuchumaa na kuinuka ndo pagumu. Ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda kwa ajili ya usiku, hii haina aibu yoyote. Taa ndogo ya sola au tochi chini ya mto. Kingo za mkeka na zulia zilizokunjika, nyaya, ndoo mlangoni, ondoa. Fimbo yake ikatwe ifike kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama wima, na chini ivalishwe mpira.

Na macho. Mtoto wa jicho unaangusha wazee wengi na operesheni yake ipo, mpelekeni.

Hatua ya 8: dawa na haki zao

Kila miezi mitatu kila mzee alete dawa zake zote kwenye mfuko nesi azipitie, hasa za usingizi na za presha, zinaleta kizunguzungu akisimama ghafla. Mfundisheni akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu mpaka 20 ndo asimame.

Aliyekwisha vunjika mara moja kwa kuanguka kidogo asiishie kwenye kikundi, aonane na daktari wa mifupa, Sekou Toure au Bugando, maana kuvunjika mara ya kwanza ndo onyo kubwa la mara ya pili na dawa zipo. Akipewa alendroneti ile ya mara moja kwa wiki, anaimeza asubuhi kabla ya kula chochote, na glasi nzima ya maji, alafu asilale chini kwa dakika 30, la sivyo inachoma koo. Hapa kikundi kinasaidia, wote wenye dawa hiyo wachague siku moja wakumbushane. Kuhusu malipo, Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na kuna utaratibu wa kumsaidia asiye na uwezo kwenye vituo vya serikali, mwoneni afisa ustawi wa jamii mapema mfuatilie kitambulisho, msisubiri siku ya ajali. Na mkifika hospitali ulizeni dirisha la wazee.

Hatua ya 9: mtu akianguka

Wote wajue hili, na wajukuu pia. Msimnyanyue haraka. Muulizeni wapi panauma. Kama kinena kinauma, hawezi kukanyaga, mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, hiyo ni nyonga. Asikandwe, asichuliwe, asipelekwe kwa mtu wa kuvuta mifupa. Fungeni miguu yote miwili pamoja kwa khanga na mto katikati, mlazeni kwenye ubao au mlango uliong'olewa, mshuke nae watu wanne, gari lisubiri barabarani. Bodaboda hapana. Nyonga inataka operesheni mapema, siku mbili za kwanza ndo nzuri, kila siku akilala bila kutibiwa mapafu yanajaa, vidonda vya mgongo vinaanza, damu inaganda miguuni. Kwahiyo kikundi kiwe na namba ya dereva mmoja wa gari aliyekubali kuitwa saa yoyote, na mfuko mdogo wa dharura, hata kila mtu akitoa mia tano kwa wiki, pesa akae nayo mweka hazina wa kikoba na iandikwe.

Akirudi kutoka hospitali usimwondoe kwenye daftari. Wiki ya kwanza kikundi kiende kwake, mkutano ufanyike uwanjani pake yeye akiwa kitini, afanye ya mikono na ya visigino kadiri alivyoelekezwa na mtu wa fiziotherapi. Na mzee yeyote asipotokea mkutanoni bila taarifa, jirani yake aliyepangiwa anaenda kumgongea siku hiyohiyo kabla jua halijazama.